Gari la Baba Lilipoacha Kulia

Gari la baba yake Kadogo lilikuwa halijui kunyamaza. Ukiliwasha asubuhi, yowe. Ukikata kona, yowe. Na likinyeshewa mvua ndiyo usiseme. Haikuwa honi wala breki. Ulikuwa mkanda wa injini, ule mpira mrefu unaopita huku na huku pale mbele, ambao ulikuwa umezeeka mpaka ukawa unateleza na kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mtaa mzima uliufahamu mlio huo. Mwoka mikate wa pale kona alikuwa akisema hana haja ya saa ukutani, maana yowe la jioni likipita anajua wakati wa kufunga umefika.

Mwenye gari alikuwa fundi rangi, mtu wa madoa ya chokaa mpaka kwenye nyusi, mcheshi, na mbishi kupita kiasi. Kila mara mke wake alipomwambia, "Baba watoto, badilisha huo mkanda, unatuaibisha," alijibu, "Nikiubadilisha, mtajuaje kama bwana mkubwa amerudi?" Na kweli walijua. Yowe likisikika pale kona, mama alikoleza moto na kupasha chakula, na watoto walificha walichokivunja na kufungua madaftari ambayo yalikuwa yamelala mchana kutwa. Baba alipoingia alikuta nyumba ya watu wenye adabu. Siku za misiba tu ndiyo aliupaka mkanda sabuni, akausugua kwa kipande kikavu, ukanyamaza kwa saa chache asije akawavurugia watu kilio chao. Siku ya kumzika yeye mwenyewe hakuna aliyekumbuka sabuni. Gari lake lilifuata jeneza likipiga yowe njia nzima, na waombolezaji wengine walicheka huku wanalia.

Basi baba alikuwa ameondoka, na gari likabaki kwa Kadogo. Huyu ndiye kitinda mimba wao, na jina hilo la utani lilimng'ang'ania hata sasa, mwanamke mzima mwenye mwili wa kujaza mlango na nywele zilizoanza kuota mvi. Alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya kushona sare, hana mume, hana mtoto, na tangu zamani alikuwa akiishi nyumbani kwa wazazi wake bila kuona haya. Gari lilimfaa kubebea marobota ya vitambaa. Alilipenda, ukitaka ukweli, kwa sababu kiti cha dereva bado kilikuwa na harufu ya rangi.

Taabu ilikuwa jioni.

Akili ya mama ilikuwa imeanza kuvuja hata kabla ya msiba. Alisahau sufuria motoni, akasahau majina, akamwita mwenye duka kwa jina la marehemu kaka yake. Baada ya mazishi mambo yakaharibika zaidi, na shangazi, dada wa marehemu, akahamia pale ili wifi yake asibaki peke yake mchana. Mchana mama alikuwa hana habari. Alikaa kwenye kiti chake sebuleni, mikono mapajani, akitazama ukuta kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati. Lakini jioni gari lilipolia pale kona, alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Uso ulimchangamka. Alijifuta macho, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, akasema, "Huyo, amerudi," akaenda mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, bila kushikwa mkono.

Na kila siku aliyeshuka garini alikuwa Kadogo, peke yake.

"Kadogo, mwanangu, mbona umeshuka peke yako? Baba yako yuko wapi?"

Siku za mwanzo Kadogo alimwambia ukweli. Alimshika mikono akasema, "Mama, baba alitutoka. Tulimzika, ukumbuke." Na mama, aliyekuwa hakumbuki kitu, aliusikia msiba kwa mara ya kwanza. Aliketi chini palepale kizingitini akalia kilio cha mjane mpya. Kesho yake gari likalia, akasimama, akatabasamu, akafiwa tena. Shangazi alikuwa akijifungia jikoni ili asione.

Kisha Kadogo akajaribu uongo. "Amepitia dukani, mama, anakuja." Hapo mama alirudi kwenye kiti, akakataa kula mpaka mumewe aje, akawa anachungulia dirishani mpaka usingizi ukamchukua njaa ikiwa tumboni. Uongo ulikuwa mbaya kuliko ukweli. Kadogo hakuwa na la kufanya. Alikuwa akizima injini, anabaki kidogo garini, akijua kwamba akifungua ule mlango anakwenda kumuua baba yake tena.

Kaka yake mkubwa, aliyekuwa akiishi mbali na kutoa mashauri kwa simu, alisema, "Uza hilo gari, yaishe."

"Nikiuza nitabebea nini vitambaa? Kichwa chako?"

"Basi tengeneza hiyo kelele. Si kelele ndiyo inayomwamsha mama?"

Kadogo alikata simu kwa hasira, kama kawaida yake kaka huyo akisema jambo la maana. Kelele ndiyo iliyomwamsha. Isingekuwepo, mama angebaki pale kwenye kiti, ametulia, bila kufiwa na mtu. Ni mkanda tu. Mbona mikanda alikuwa akibadilisha kila mara kwenye cherehani? Siku ile ile alipitia duka la vipuri, akamweleza muuzaji aina ya gari na mwaka wake, akatoka na mkanda mpya mweusi ndani ya karatasi, na maelekezo ya bure ambayo muuzaji aliyatoa kwa mikono yote miwili hewani.

Jumapili asubuhi alivaa suruali kuukuu ya baba yake, akafungua boneti uani. Kwanza aliwasha injini aone vizuri mkanda unapoteleza. Yowe likajaa uani, kuku wa jirani wakaruka, na mlango wa nyumba ukafunguka.

"Amerudi!" Mama alikuwa amesimama mlangoni, macho yanang'aa. Akaangalia gari, akaangalia suruali. "Kadogo? Hiyo si suruali ya baba yako? Yeye yuko wapi?"

Kadogo alizima injini. Alikuwa amechoka kusema ukweli na amechoka kusema uongo. "Hayupo, mama," alisema tu.

Sijui ni kwa kuwa ilikuwa asubuhi na akili ilikuwa imelala vizuri, lakini mama hakuanguka wala hakuuliza tena. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akamtazama binti yake akiinama chini ya boneti. "Utajichafua," alisema. "Tangu utoto wako wewe ni wa kujichafua." Kadogo alicheka. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mama amseme, na kusemwa kulimtia raha ambayo hakuitarajia.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Mkanda wa cherehani huzunguka magurudumu mawili basi. Huu ulipita kwenye puli nyingi, ukapanda juu ya ile ya kuchaji betri, ukashuka kwenye pampu ya maji, ukajikunja mgongo na kurudi ulikotoka. Alipiga picha kwa simu ili asije akausahau mzunguko. Alilegeza waya wa betri. Akatafuta ile puli yenye springi inayokaza mkanda, akaingiza spana ndefu, akaivuta kwa uzito wake wote, na hapo ule mwili uliokuwa ukichekwa karakanani ukafanya kazi yake. Springi ikakubali. Mkanda ukalegea, akauchomoa kwenye puli ya juu, ukamlalia mkononi. Upande wa ndani, palipokuwa na mistari, ulikuwa umepasukapasuka, na kando ulikuwa umesuguliwa ukang'aa.

"Mbona unautoa?" mama aliuliza.

"Unapiga kelele, mama. Naweka mwingine."

"Baba yako hataki utolewe."

"Najua. Ubishi tu ule."

"Si ubishi." Mama alisema taratibu, kama anayefunua kitu kilichofungwa kwa miaka. "Zamani alianguka kwenye ngazi kazini, akazimia. Hakuna aliyekuja kuniambia. Nilikaa hapa mpaka asubuhi bila kujua kama nina mume. Aliporudi akanikuta sina sauti. Akaniapia. Akasema, mke wangu, kuanzia leo, ukisikia gari linalia pale kona, ujue ni mzima. Usipolisikia ndiyo uanze kuogopa." Akacheka kidogo. "Watu wanamwona bahili. Waache waseme."

Kadogo alibaki ameshika mkanda wa zamani mikononi. Hakuwahi kulisikia hilo, yeye wala kaka yake. Miaka yote wamekuwa wakimcheka baba kwa uchoyo wa kipande cha mpira, kumbe mtu alikuwa akitimiza ahadi. Akataka kuurudisha. Akawa ameshainama kuurudisha. Kisha akawaza jambo jingine, na ndilo lililomwumiza zaidi: kama mlio ule ulikuwa na maana ya kwamba baba ni mzima, basi kila jioni gari lilikuwa likimdanganya mama, na aliyekuwa akiliendesha ni yeye. Ndiyo maana mama alikuwa akisimama vile, na ndiyo maana alikuwa akianguka vile. Aliyeapa alikuwa hayupo, na kiapo kilikuwa bado kinapiga kelele pale kona.

Alijikaza kisabuni. Aliulinganisha mkanda mpya na wa zamani, urefu ukawa sawa. Akaupitisha kama picha ilivyoonyesha, akavuta springi tena, akauvalisha kwenye puli ya mwisho. Akapitisha kidole kote kama anavyokagua pindo la sketi, akagusa mahali ambapo mstari mmoja ulikuwa umetoka nje ya puli. Angewasha vile, ungekatika mara moja. Akalegeza, akapanga upya, akakagua tena mpaka akaridhika. Ule wa zamani akautupa kwenye pipa la taka, na kesho yake asubuhi gari la taka likauchukua pamoja na maganda.

Alipowasha, injini ilinguruma kwa upole kama ya gari la mtu mwingine. Mama alikuwa bado kwenye ngazi. Hakugeuza shingo. Shangazi alitoka jikoni, mikono imejaa povu, akasimama.

"Limenyamaza," alisema shangazi.

"Limenyamaza," alijibu Kadogo, na hapo hapo akaangua kilio, kichwa juu ya usukani. Hakuwa amelia siku ya mazishi, alikuwa na watu wa kuwapikia. Sasa alilia mpaka kamasi. Sauti ya mwisho ya baba yake duniani alikuwa ameizima yeye, kwa spana. Shangazi alimpigapiga mgongo, akamwachia alama ya povu kwenye shati. "Umefanya vizuri," alimwambia. "Wifi yangu atapumzika sasa. Na mimi nitapumzika."

Jumatatu jioni Kadogo alirudi kutoka kazini na gari lisilosikika. Pale kona mwoka mikate alikuwa bado anapanga mikate, hakuinua hata kichwa. Kadogo aliegesha, akafunga mlango wa gari polepole, akaingia ndani roho mkononi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ametulia, uso mkavu. Hakuna aliyelia mlangoni. Hakuna aliyefiwa. Kadogo alihisi mzigo unamshuka mabegani, akainama kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alisema kwa adabu, akamwangalia kuanzia miguuni hadi usoni. "Karibu. Umetumwa na nani?"

Kadogo alicheka, akidhani ni utani. "Mama jamani. Ni mimi, Kadogo."

Mama alitabasamu, lile tabasamu ambalo mtu humpa mgeni aliyekosea nyumba. "Kadogo hajarudi. Baba yake humpitia shuleni, wanakuja wote na gari. Bado sijalisikia."

Ni kweli alikuwa akimpitia. Miaka yote ya shule ya msingi, Kadogo alirudi amekaa mbele kando ya ndoo za rangi, miguu haifiki chini, gari likipiga yowe pale kona. Alikuwa ameyasahau hayo. Mama alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa hayo.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameweka mkono mdomoni. Wote wawili walielewa kwa pamoja. Zile jioni zote za machozi, mama alipokuwa akimwita, "Kadogo, mwanangu," halikuwa jambo la bure. Ilikuwa ni yowe lile lililomfungulia mlango wa akili, na nyuma ya mlango huo walikuwa watu wawili. Kadogo alitaka kumzuia baba asirudi kila jioni. Hakujua kwamba walikuwa wakirudi pamoja.

Alihangaika wiki nzima. Alipiga honi pale kona mpaka watu wakamtukana, mama hakujali. Aliingia akiimba, akaingia na suruali ya baba, akamletea picha za shule. Mama alizitazama picha kwa heshima akasema mtoto huyo ni mzuri, ni wa nani? Mwisho Kadogo alilipeleka gari kwa fundi makanika wa barabara ya pili, akamwomba alifanye lilie tena.

Fundi alimkodolea macho. "Dada, watu wananijia nizime kelele. Wewe unataka nikuwekee?"

"Nataka."

Aliona machozi, akaacha mzaha. Akajaribu. Alilegeza ile springi, akaumwagia mkanda maji, akaupulizia mafuta ambayo hayafai. Gari likatoa mlio kweli, mwembamba, wa kukwaruza. Kadogo aliliendesha mpaka nyumbani moyo ukimwenda mbio kuliko injini. Alikuta mama amesimama dirishani! Alikuwa amesimama mwenyewe!

"Gari la nani hilo bovu?" mama alimwuliza. "Waambie wasilete makelele hapa, nawasikilizia watu wangu." Akarudi kuketi.

Kesho yake Kadogo alimrudishia fundi gari aukaze mkanda kama unavyotakiwa. Simu ya kaka ilipoita, hakumlaumu, ingawa alitamani sana kuwa na mtu wa kumlaumu. Kaka alisema, "Lakini si halii tena? Si ndicho ulichotaka?" Ndicho alichotaka. Alikipata chote, hakikupungua hata kidogo. Mama alikuwa anakula vizuri, analala vizuri, hamlilii mtu. Alikuwa na amani ambayo haikuwa na binti ndani yake.

Kadogo angetoa cherehani yake, na mikono yake juu, afiwe tena kila jioni pale mlangoni, ili mradi kwanza aitwe mwanangu.

Jioni moja, mvua ikiwa imekatika, aliingia nyumbani akakuta shangazi amejilaza na kichwa kinachomgonga. Mama alikuwa peke yake sebuleni, na alipomwona alivuta kiti cha pili karibu na chake, kile cha wageni.

"Karibu, mama," alimwambia Kadogo, maana alimwona ni mtu mzima wa kuheshimiwa. "Naona unakuja kila siku. Una shida na mume wangu? Ni kazi ya rangi?"

Kadogo alifungua mdomo aseme lile alilolisema kila siku, ni mimi, ni mimi. Akaona uso wa mama umeshaanza kuingiwa na hofu, kama ilivyokuwa kila mara mgeni huyu alipong'ang'ania kuwa mtoto wake. Alikuwa akimtisha mama yake. Alilimeza jina lake, likashuka kwa shida.

"Ndiyo," alisema. "Nina kazi ya rangi kidogo."

Hofu ikaondoka usoni mwa mama. "Basi kaa umsubiri. Atakuja na binti yetu."

Kadogo alikaa. Magoti yao yalikuwa karibu kugusana. "Binti yenu yukoje?" aliuliza.

"Ah, huyo!" Mama alipunga mkono. "Mchafu, mkaidi, halali mpaka nimkune mgongo. Wa mwisho, tumemdekeza. Nikiwa naye sina shida duniani." Akamgeukia mgeni. "Na wewe una mama?"

"Ninaye."

"Mzima?"

"Mzima."

"Usimwache muda mrefu peke yake," mama alisema. "Kungoja kunachosha."

Wakakaa. Nje magari yalipita pale kona, moja baada ya jingine, na kwa kila moja mama aliinua kichwa, akasikiliza, akatikisa kichwa kwamba siyo. Baada ya muda Kadogo naye akajikuta anainua kichwa, anasikiliza. Giza lilipoanza kuingia, mama alimgusa mkono kwa kumhurumia.

"Leo wamechelewa," alisema. "Nenda kwa mama yako, atakuwa na wasiwasi. Njoo tena kesho."

"Nitakuja," alisema Kadogo. Akanyanyuka, akatoka kwa mlango wa mbele kama wanavyotoka wageni, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni kumpikia chakula.